Kwa nini doa la binzari hugeuka jekundu: kuielewa asidi na besi

Mchuzi wenye binzari ya manjano ukidondokea shati jeupe, doa lake ni la njano. Lipake sabuni ya mche, linageuka jekundu papo hapo, wekundu wa kutisha kama damu iliyoanza kukauka. Wengi huona wameharibu nguo, wanaongeza sabuni, na wekundu unazidi. Sasa kamulia limau juu ya doa hilohilo. Wekundu unakimbia na njano inarudi mbele ya macho yako. Sabuni tena, jekundu. Limau tena, njano. Unaweza kurudia mara kadhaa kabla rangi haijachoka.

Nguo haijaharibika. Ulichokitazama ni chembe moja ndogo mno ikitoka kwenye molekuli ya rangi, kisha ikirudishwa. Rangi ya binzari inaitwa kurkumini. Ikiwa na chembe hiyo inaonekana ya njano. Ikinyang'anywa inaonekana nyekundu. Sabuni inanyang'anya, limau linarudisha. Chembe yenyewe ni protoni, yaani atomu ya haidrojeni iliyovuliwa elektroni yake moja, na anayeifuatilia safari yake ameshaielewa sehemu kubwa ya somo la asidi na besi.

Nasema hivyo kwa sababu somo hili hufundishwa kama orodha ya kukariri: asidi ni chachu, besi ni chungu na ina utelezi, asidi hugeuza karatasi ya litimasi kutoka bluu kuwa nyekundu, besi hufanya kinyume chake. Yote ni kweli. Lakini mtu anaweza kuimaliza orodha hiyo, akafaulu mtihani, na bado asijue asidi ni nini. Anajua alama za mguu, hajamwona mnyama.

Hata wanasayansi walikaa na alama za mguu kwa muda mrefu. Kwa karne nyingi asidi ilitambuliwa kwa ulimi tu. Katika karne ya 17 Robert Boyle alianza kutumia rangi za mimea kuzipima, mchezo uleule wa binzari, na hapo angalau ulimi ukapumzika. Kisha Mfaransa Antoine Lavoisier akaamini kwamba kila asidi lazima iwe na oksijeni ndani yake. Jina oksijeni lenyewe lilitokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kizaa uchachu. Alikosea. Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba klorini ni elementi inayojitegemea, na kwa hiyo asidi inayotengenezwa kwa klorini na haidrojeni haina oksijeni hata chembe. Jina la oksijeni limebaki na kosa lake hadi leo.

Hatua kubwa ilitoka Sweden. Mwaka 1884 Svante Arrhenius aliandika tasnifu iliyoeleza kwamba vitu fulani vikiyeyuka majini huvunjika kuwa ioni, vipande vyenye chaji ya umeme. Kutoka hapo yakaja maelezo kwamba asidi huachia ioni za haidrojeni, yaani zile protoni, na besi huachia ioni za hidroksidi. Watahini wake hawakuvutiwa, wakampa alama za chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ila maelezo yake yalikuwa na tundu. Amonia ni besi, kila mtu aliliona hilo, lakini ndani yake hamna hidroksidi ya kuachia.

Tundu hilo lilizibwa mwaka 1923 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza. Walisema hivi: asidi ni chochote kinachotoa protoni, na besi ni chochote kinachoipokea. Amonia haihitaji kuwa na hidroksidi. Inapokea protoni kutoka kwenye maji, na maji yaliyopoteza protoni ndiyo yanayobaki kuwa hidroksidi.

Tafadhali tulia kidogo kwenye maelezo hayo, maana yanabadilisha swali. Asidi si aina ya sumu wala si aina ya kimiminika. Ni kazi. Kitu ni asidi kwa sababu ya kile kinachomfanyia mwenzake, na hakuna mtoaji pasipo mpokeaji. Maji yenyewe hutoa yakikutana na amonia na hupokea yakikutana na siki.

Ukishalishika hili, mambo mengi ya jikoni yanajieleza. Chukua shombo la samaki. Harufu ile hutoka kwa sehemu kubwa kwenye trimethilamini, ndugu wa amonia, besi nyepesi inayoruka hewani kwa urahisi mpaka puani. Ukisugua limau mikononi, asidi ya sitriki inaipa protoni. Baada ya kupokea, trimethilamini inakuwa na chaji, inashikamana na maji, na haiwezi kuruka tena. Limau halijaifunika harufu kwa harufu nyingine kama manukato yanavyofanya. Limeifunga, na maji ya kusuuza yanaondoka nayo.

Au angalia ukoko mweupe ndani ya birika la kuchemshia maji. Ule ni kaboneti ya kalsiamu, na kaboneti ni mpokeaji. Ikipewa protoni za siki inageuka asidi ya kaboni, ambayo haidumu. Inavunjika kuwa maji na hewa ya ukaa. Vile viputo unavyoviona vikichemka bila moto ndiyo hewa hiyo ikitoka. Ganda la yai likilazwa kwenye siki usiku kucha huisha kwa njia hiyohiyo, yai likabaki na ngozi yake laini tu.

Sasa vipimo. Ndani ya maji safi kabisa, molekuli chache hupeana protoni zenyewe kwa zenyewe. Ni chache kweli: katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, kwa wakati wowote ni takriban molekuli 1 katika kila milioni 550. Mwaka 1909 Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alichoka kuandika tarakimu ndefu za namna hiyo akabuni kipimo cha pH. Maji safi yakawa 7. Chini ya 7 ni upande wa asidi, juu yake ni upande wa besi.

Kinachowapiga chenga watu ni kwamba ngazi moja ya pH si hatua moja, ni mara 10. Kimiminika cha pH 3 kina ioni za haidrojeni mara 10 ya kile cha pH 4, na mara 10,000 ya maji safi. Ndiyo maana kupungua kwa pH ya uso wa bahari kutoka kama 8.2 hadi 8.1 tangu mapinduzi ya viwanda, kutokana na hewa ya ukaa inayoyeyuka majini, si jambo dogo hata kama tarakimu inaonekana ndogo: ni ongezeko la karibu robo nzima ya ioni za haidrojeni, na konokono na matumbawe hujenga nyumba zao kwa kaboneti ileile inayoliwa na asidi ndani ya birika.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao nadhani Kiswahili kinaweza kuutatua vizuri, kama tungetumia maneno tuliyo nayo. Watu husema asidi kali wakimaanisha mambo mawili tofauti. Chai ikiwa na majani mengi tunasema imekolea. Ikiongezwa maji, imezimuliwa. Huo ni ukolezi, yaani kiasi cha kitu kilichomo ndani ya maji. Ukali wa asidi ni jambo jingine: ni wepesi wake wa kuachia protoni. Asidi kali haijui kushika. Ikiingia majini inaachia zote. Asidi dhaifu ina mkono mzito. Inaachia chache na kuzing'ang'ania nyingine.

Siki ni mfano mzuri. Siki ya kawaida yenye asilimia 5 ya asidi ya asetiki ina molekuli nyingi za asidi, lakini katika kila 1,000, ni kama 5 tu zilizoachia protoni kwa wakati mmoja. Asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi uleule ingekuwa imeachia zote, na maji yake yangekuwa na ioni za haidrojeni zaidi ya mara 200 ya siki. Hii ndiyo sababu siki unaitia kwenye kachumbari na ile nyingine inachoma ngozi.

Lakini usidhani zile 995 zimelala. Ukianza kumimina besi kwenye siki, protoni 5 zinachukuliwa, na papo hapo nyingine zinaachiwa kuziba nafasi, hivyohivyo mpaka akiba iishe. Mwishowe siki itamaliza besi kiasi kilekile ambacho asidi kali ya ukolezi huo ingemaliza. pH ni kama kuhesabu hela zilizo mfukoni mwa mtu. Haisemi ana kiasi gani benki.

Meno yanaijua tofauti hiyo. Sehemu ngumu ya nje ya jino huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya takriban 5.5. Mate yana bikaboneti, mpokeaji hodari, na yakipewa muda huirudisha pH mahali pake. Juisi ya limau ina akiba kubwa benki, kwa hiyo mate hufanya kazi ndefu zaidi kuimaliza. Na si vitu vichachu tu. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi ya laktiki pale pale juu ya jino, kwa hiyo pipi isiyo na uchachu wowote inaishia kuwa asidi. Anayenyonya pipi moja baada ya nyingine mchana kutwa hawapi mate nafasi ya kumaliza kazi. Kwa sababu hiyohiyo, kupiga mswaki mara tu baada ya kunywa kitu kichachu si vizuri: uso wa jino umelainika kwa muda, nawe unaukwangua. Suuza kwa maji, subiri kama nusu saa.

Tumboni ndiko kwenye maajabu zaidi. Tumbo hutengeneza asidi ya haidrokloriki, ileile iliyo kali, na pH yake huweza kushuka hadi kati ya 1 na 2. Kinachozuia tumbo lisijimeng'enye ni utando wa ute uliojaa bikaboneti, ukuta wa wapokeaji wanaokamata protoni kabla hazijafika kwenye nyama. Koo halina utando wa namna hiyo, na ndiyo maana asidi ikipanda tunapata kiungulia. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia ni besi tupu: kaboneti ya kalsiamu, hidroksidi ya magnesiamu na jamaa zao. Ukicheua baada ya kumeza vile vyenye kaboneti, umetoa ile hewa ya birika. Dawa kama omeprazoli hufanya kazi tofauti kabisa: zinazima pampu za seli zinazosukuma protoni kuingia tumboni, kwa hiyo asidi haitengenezwi kwa wingi tangu mwanzo.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini bakteria hawawezi kuishi katika asidi ile, na vidonda vya tumbo vikalaumiwa msongo wa mawazo na vyakula. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa mchuzi wa bakteria aina ya Helicobacter pylori, akapata uvimbe wa ukuta wa tumbo. Bakteria huyo ana mbinu ya kikemia: huvunja urea na kutengeneza amonia, akajizungushia wingu la besi linalopokea protoni kabla hazijamgusa. Anaishi ndani ya asidi bila kuguswa nayo. Marshall na mwenzake Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na leo vidonda vingi vinatibiwa kwa antibiotiki.

Hapa lazima niguse maji ya alkali, yaani maji yaliyo upande wa besi, kwa sababu watu wanatoa hela zao kwa ahadi kwamba yataondoa asidi mwilini na hata kuzuia saratani. Tufanye hesabu. Lita nzima ya maji ya pH 9, yasiyo na madini mengi ndani yake, ina hidroksidi ambazo mililita 1 tu ya kimiminika cha tumbo chenye pH 2 inatosha kuzimaliza. Mililita 1, chini ya kijiko cha chai! Hata yale yenye bikaboneti nyingi zaidi yanakutana na tumbo linaloweza kutengeneza asidi zaidi. Na damu haingoji maji hayo. pH yake inakaa kati ya 7.35 na 7.45, ikilindwa na bikaboneti, mapafu na figo. Chakula kinaweza kubadilisha pH ya mkojo, ndiyo, kwa kuwa figo zinatupa kilichozidi. Huo ni ushahidi kwamba zinafanya kazi, si kwamba damu imegeuka.

Unaweza kuyaona mapafu yakiilinda damu sasa hivi. Bana pumzi. Baada ya muda unashikwa na kiu ya hewa usiyoweza kuishinda. Kwa mtu mwenye afya, kiu ile haiji hasa kwa sababu oksijeni imeisha. Hewa ya ukaa imejikusanya kwenye damu, imekuwa asidi ya kaboni, pH imeshuka kidogo, na ubongo umehisi. Unapopumua, unatupa asidi.

Nimeongea sana juu ya asidi, na ndivyo ilivyo kawaida, kwani neno tindikali linatisha na neno alkali halitishi mtu. Hofu hiyo imegawanywa vibaya. Neno alkali limetoka Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea, na majivu yaliyolowekwa ndiyo yaliyowapa watu sabuni tangu zamani: mafuta yakichemshwa na alkali huvunjika, na kinachobaki ni sabuni na gliserini. Utelezi unaouhisi vidoleni ukigusa maji ya alkali ni mwanzo wa jambo hilohilo, mafuta ya ngozi yako yakigeuzwa sabuni. Kwenye maji dhaifu halina madhara. Kwenye kostiki soda ya kuzibua mabomba, halikomi juu ya ngozi. Asidi nyingi zikiunguza hugandisha protini, na ule mgando huzuia kidogo zisizame. Alkali kali huyeyusha njia yake na kuendelea kuzama. Ndiyo sababu kwenye macho huwa mbaya kuliko asidi nyingi.

Saruji mbichi iko kundi hilo. Pamoja na maji yake pH hufika 12 hadi 13, na kwa kuwa haiumi mara moja, fundi anaweza kupiga magoti ndani yake asubuhi nzima na kugundua jioni kwamba ngozi imeungua. Glavu na buti za mpira si mapambo kwenye zege.

Kuhusu kuchanganya dawa za usafi, mambo mawili. Siki na magadi ya kuokea vikimiminwa pamoja hutoa povu la kupendeza, lakini mtoaji na mpokeaji wamemalizana. Kinachobaki ni karibu maji yenye chumvi kidogo. Tumia kimoja kwa wakati: siki kwa ukoko wa chokaa, magadi kwa mafuta. La pili si la hasara tu. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo ikichanganywa na kisafisha choo chenye asidi hutoa gesi ya klorini, na ikichanganywa na amonia hutoa kloramini. Zote hushambulia mapafu, na chooni hakuna pa kukimbilia. Maji ya betri nayo, ambayo ni asidi ya salfuriki, yakihitaji kuzimuliwa, asidi ndiyo inayomiminwa polepole kwenye maji. Ukimimina maji juu ya asidi, joto linalotoka linaweza kuyachemsha ghafla na kukurushia asidi usoni.

Na likirushwa tone la asidi au alkali jichoni, usitafute kinyume chake cha kulizima. Protoni zinapohama kwa wingi hutoa joto, na jicho lililoungua halihitaji joto. Linahitaji maji safi yanayotiririka, mara moja, kope zikiwa zimeshikwa wazi, kwa dakika 20 au zaidi ukiangalia saa, kisha hospitali. Kama kuna mtu wa kushika chupa, aendelee kumimina hata ndani ya gari.